Daftari la Filamu Nilizozihukumu Mapema

Ninalo daftari la jalada gumu ambamo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika kila filamu ninayoitazama na kila filamu ninayoisubiri. Kurasa za kushoto ni za zile zinazokuja. Za kulia ni za zile nilizokwisha kuziona. Nililianza kwa sababu ya viti.

Filamu ilikuwa The Father ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Florian Zeller. Anthony Hopkins anaigiza mzee anayepotewa na kumbukumbu, na kazi hiyo ilimpa Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2021. Tuliitazama tukiwa watu watano, kundi letu lile lile la tangu ujana. Majina ya mwisho hayajamaliza kupita kwenye skrini, mimi nikawa nimeshatoa hukumu: mzee anazunguka ndani ya nyumba saa nzima na nusu, hakuna kinachotokea. Wawili wakaniunga mkono. Dada mmoja wa kundi letu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, alinisubiri nimalize, kisha akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, uliviona viti?"

Viti gani?

Akaanza kunieleza. Ndani ya nyumba ile vitu hubadilika kidogo kidogo kadiri filamu inavyokwenda. Samani si zile za mwanzo, jiko limebadilika sura, na hakuna mhusika anayesema neno juu ya hilo. Mtazamaji anabaki na wasiwasi asioweza kuutaja, anajiuliza kama hapa ndipo alipokuwa dakika kumi zilizopita. Huo ndio ugonjwa wa yule mzee, umehamishwa kutoka kichwani mwake ukatiwa machoni mwetu. Mambo yalikuwa yakitokea muda wote, nyuma ya mabega ya waigizaji, wakati mimi nasubiri mtu apaze sauti au mlango ubamizwe ndipo nijue kwamba kuna jambo.

Nililala na uchungu usiku ule. Nilikuwa nimeongea kwa uhakika wote juu ya filamu niliyoiona nusu.

Tulipokutana tena dada yule akaniwekea sharti. "Kabla hujaniambia nzuri au mbaya, niambie uliona nini." Nikanunua daftari. Tukakubaliana kundi zima kwamba tukitoka kutazama, kila mtu aandike kwanza mistari mitatu ya alichokiona, ndipo midomo ifunguliwe. Wengine waliacha baada ya miezi miwili. Mimi sikuacha.

Asiyekuwa shabiki wa filamu huenda akadhani mazungumzo yetu huanza filamu inapotoka. Huanza mbali zaidi. Huanza siku mwongozaji anapotajwa, yakaendelea kwenye majina ya waigizaji, bango, trela ya kwanza, yaani kile kionjo kifupi cha filamu, trela ya pili, tarehe, na kuahirishwa kwa tarehe. Filamu ikifika, tumeshaizungumza mwaka mzima, na kila mmoja wetu ameshatengeneza kichwani filamu yake mwenyewe. Ile ya kwenye skrini inakuja kupimwa kwa hiyo ya kichwani. Hili sikulijua mpaka daftari lilipofikisha miaka miwili, nikakaa siku moja nikasoma kurasa za kushoto zote mfululizo, kisha za kulia.

Kurasa za kushoto zilinitia huzuni. "Huyu hawezi kabisa nafasi hii." "Trela imeshatuonyesha yote." "Wameahirisha, ujue imeharibika." Sentensi kali, fupi, zisizo na hata chembe ya shaka, zote juu ya vitu ambavyo sikuwa nimeviona. Na kwenye kurasa za kulia, mara nyingi, nilikuwa nimeandika mambo mengine kabisa bila hata kukumbuka kwamba niliwahi kusema vile.

Tabia hiyo ni ya zamani kuliko daftari langu. Mwaka 2006 Heath Ledger alipotangazwa kuwa ndiye atakayeigiza Joker, adui wa Batman, katika The Dark Knight, mashabiki wengi walikasirika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulimjua kwa filamu za mapenzi. Tukaona haiwezekani. Filamu ilitoka Julai 2008, miezi sita baada ya kifo chake, na Februari 2009 familia yake ikapanda jukwaani kumpokelea Oscar. Nilipoitazama, ulimi ule wake unaolamba lamba pembe za mdomo, namna anavyokaa kwenye kiti akiwa amefungwa pingu na bado yeye ndiye anayeendesha mazungumzo, nilihisi kwamba nina deni kwa mtu ambaye siwezi kumlipa. Michael Keaton naye, kabla ya Batman ya 1989, aliandamwa na maelfu ya barua za mashabiki wa vitabu vya katuni waliomwona ni mchekeshaji tu asiyefaa kuvaa joho lile. Wakati huo watu walikuwa wakinunua stempu ili wamkatae mtu. Sisi leo haituchukui hata dakika moja.

Kuhusu trela nilijifunza polepole zaidi, kwa sababu trela ni kitu unachokiona kwa macho yako, na ukiona kitu unajiamini. Lakini mara nyingi trela hutengenezwa wakati filamu yenyewe haijakamilika: madoido ya kompyuta hayajaisha, muziki ni wa kuazima, mpangilio wa matukio bado unabadilika mezani kwa mhariri. Rogue One ya mwaka 2016 ilitoka bila picha kadhaa ambazo sisi tulikuwa tumeshazikariri kwenye trela zake. Niliketi ukumbini nikizisubiri. Hazikuja, na kwa kuwa nilikuwa nikizisubiri, sikuviona vizuri vile vilivyokuwepo.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba shabiki anyamaze mpaka filamu itoke. Trela ya kwanza ya Sonic the Hedgehog ilipotoka mwishoni mwa Aprili 2019, watu walilalamikia sura ya Sonic, yule mhusika kalunguyeye, hasa yale meno yake yaliyofanana na ya binadamu. Mwongozaji akasikia, sura ikachorwa upya, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Malalamiko yale yalikuwa ya haki kwa sababu yalihusu kitu kilichowekwa mbele yetu. Sura tuliiona. Hadithi hatukuwa tumeiona, na wale waliosema siku ile ile kwamba filamu yote ni takataka walikuwa wameruka kutoka kwenye meno hadi kwenye moyo wa kitu bila kupita njiani. Tofauti hiyo kati ya kusema "hiki nilichokiona hakijanipendeza" na kusema "najua kisichoonekana kitakuwaje" imenisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa. Na nimekuwa nikiwafikiria wachoraji wa kompyuta waliolazimika kurudia kazi ile tena. Malalamiko yetu, hata ya haki, huangukia mikononi mwa mtu fulani.

Na kuahirishwa? Kwenye ukurasa wa Dune: Part Two nilikuwa nimeandika kwamba kusogezwa kutoka Novemba 2023 hadi Machi 2024 ni dalili mbaya. Sababu ilikuwa mgomo wa waigizaji wa Marekani, ulioanza Julai 2023 na kumalizika Novemba, ambao wakati wake hawakuruhusiwa kuzinadi filamu zao. Filamu ilikuwa salama salimini. Nilikuwa na njia ya kulijua hilo, sikuitumia, kwa sababu hukumu ilikuwa tamu zaidi.

Mtu aliyenifundisha jambo gumu kuliko yote ni mjomba wangu.

Mjomba anapenda filamu tangu zamani, na nikimtembelea, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, tunaingia moja kwa moja kwenye picha. Jioni moja tulikuwa tunazungumzia Blade Runner ya Ridley Scott. Mimi nilisema uzuri wake ni ukimya: mvua, taa, na yule askari ambaye hatujui anawaza nini. Mjomba akashangaa. "Hatujui vipi, na mwenyewe anatueleza muda wote?" Nikamwambia kwa heshima kwamba hakuna anayeeleza. Akasema yupo, sauti ya steringi mwenyewe, toka mwanzo. Nikasema mwisho wake mlango wa lifti unafunga, basi. Yeye akasema mwisho wake wanaendesha gari kwenye milima, mchana kweupe, wameokoka. Tukabishana mpaka usiku. Mimi kimoyomoyo nikawa nasema mjomba amezeeka anachanganya picha mbili. Yeye, aliniambia baadaye, alidhani mimi nilisinzia.

Kumbe kila mmoja alikuwa anasema kweli. Filamu ilipotoka mwaka 1982 watayarishaji walikuwa wameiwekea sauti ya usimulizi ya Harrison Ford na mwisho wa furaha. Mwaka 1992 ikatoka nakala nyingine bila vitu hivyo, na mwaka 2007 Ridley Scott akatoa ile aliyoiita ya mwisho, ndiyo niliyoiona mimi. Tulikuwa tumegombania filamu mbili zenye jina moja. Nilipompigia simu kumweleza, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi uje tuzitazame zote mbili, mwanangu." Tukazitazama mwishoni mwa juma lile. Alipenda yangu kuliko yake. Mimi, na hili sikulitarajia, niliipenda ile sauti ya kuchoka ya Ford kwa sababu mjomba alikuwa ameibeba miaka yote hiyo, na kila ilipoanza kusema, midomo yake ilicheza nayo.

Kwenye ukurasa wa kulia niliandika: kabla ya kubisha, uliza mwenzako ameona nakala gani. Tangu hapo nimegundua kwamba hata bila nakala mbili, watu wawili waliokaa viti jirani hutazama filamu mbili. Mmoja aliingia akiwa amefiwa wiki ile. Mwingine amesoma kitabu kilichozaa filamu. Mwingine anasoma maandishi ya tafsiri chini ya skrini na macho yake hayajawahi kupanda mpaka kwenye uso wa mwigizaji.

Blade Runner pia ilinifungua macho juu ya wakati. Ilitoka tarehe 25 Juni 1982, siku moja na The Thing ya John Carpenter, wiki mbili tu baada ya filamu ya E.T. kuwajaza watu furaha na machozi. Blade Runner na The Thing hazikufanya vizuri kwenye kumbi, na wahakiki wengi waliisema The Thing vibaya sana. Leo zote mbili zinafundishwa na kutazamwa upya kila mwaka. Nikikumbuka hivyo nashika breki nikitaka kusema "imeanguka" juu ya filamu yenye siku tatu tangu itoke.

Kwa muda mrefu nilitumia asilimia kama nyundo. Mtu akinipinga, namtolea namba ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, mazungumzo yamekwisha. Nilikuwa sijui namba ile inapima nini. Haisemi filamu ni nzuri kiasi gani. Inasema ni wahakiki wangapi katika kila mia walioipenda badala ya kutoipenda, na kuanzia 60 filamu huhesabiwa kuwa imepita. Wahakiki wote wakisema "si mbaya, inatosha", filamu inaweza kupata 100. Wengine wakiipenda kufa na wengine wakiichukia, inapata 55, na hiyo ya 55 ndiyo mara nyingi inayonikosesha usingizi. Nimeacha kuitazama namba kabla ya kwenda. Baada ya kuandika mistari yangu mitatu, ndiyo, naisoma, nasoma hasa walionipinga. Mwaka 2019, mwezi Februari, tovuti ile ile iliondoa nafasi ya watazamaji kutoa maoni juu ya filamu ambazo hazijatoka, na nilipolisoma hilo nililifikiria daftari langu. Kurasa zangu za kushoto zote zingefutwa.

Sasa niseme habari ya filamu iliyonipiga mweleka. Jarida la Uingereza, Sight and Sound, huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi, tangu 1952, filamu bora kuliko zote ni ipi. Vertigo ya Hitchcock, ambayo mwaka 1958 ilipokelewa kwa maoni mchanganyiko, ilishika nafasi ya kwanza mwaka 2012. Mwaka 2022 ikashika Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975. Urefu wake ni saa tatu na dakika ishirini. Mama mjane, nyumba yake, siku tatu za kazi za ndani. Niliianza kwa hasira, maana nilitaka kuthibitisha kwamba wahakiki wanajidai. Nikaizima dakika ya arobaini, nikaandika: mama anapika viazi.

Dada yule alisoma ukurasa ule akacheka kwa upendo. "Umeandika sawa kabisa. Sasa rudi uone anavyovipika siku ya pili."

Nikarudi, simu nikaiacha chumba kingine. Siku ya kwanza kila kitu kiko mahali pake: taa inazimwa anapotoka chumbani, kifuniko kinafunikwa, mikono inajua njia. Nikaanza kuzoea mpangilio wake kama mtu anavyozoea hatua za mwenzake ndani ya nyumba. Kisha siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Ni viazi tu, lakini mama yule amesimama na sufuria mkononi, anahama nayo chumba hadi chumba hajui aiweke wapi, na mimi mapigo ya moyo yalikuwa juu kama niko kwenye filamu ya kivita. Kwa saa nzima filamu ilikuwa imenifundisha kuona, ili kosa dogo namna ile liweze kunitisha. Niliandika kurasa mbili. Simlazimishi mtu aipende, na rafiki zangu wawili mpaka leo wanasema ni ndefu mno, lakini hawa waliitazama mpaka mwisho, na wakisema ndefu najua wamepima.

Kuna jambo moja ambalo daftari halikunisaidia. Binamu yangu alikuwa amesubiri filamu fulani miezi mingi, akaikosa wiki ya kwanza kwa sababu ya mitihani. Mimi, kwa furaha tu, nikamwambia mwisho wake. Hakugomba. Aliniangalia akasema, "Ungeniacha nifike mwenyewe." Nilijaribu kujitetea kwa utafiti wa chuo kikuu kimoja cha California, uliochapishwa mwaka 2011, ambapo wasomaji wa hadithi fupi walizifurahia hata zaidi walipojua mwisho mapema. Utafiti upo kweli. Lakini haukuwa na uhusiano na binamu yangu, ambaye hakuwa ameulizwa kama anataka kujua.

Inanishangaza, maana utotoni tulikuwa tunasimuliana filamu nzima. Aliyeiona alikaa katikati, wengine tukamzunguka: picha linaanza, kuna giza, unasikia viatu tu, kwa, kwa, kwa. Mwisho tuliujua, na steringi tulijua hafi, na bado tulikuwa tumeshika roho mkononi. Nimeelewa baadaye kwa nini ilikuwa halali. Sisi tulimwomba atusimulie. Na yule msimulizi hakutupa alama saba kati ya kumi, wala hakusema mwongozaji ameshuka kiwango. Alitupa viatu, giza, mlango, jasho. Aliyaona yote akatuletea yote. Dada yule wa kundi letu, alipoweka lile sharti lake, alikuwa ananirudisha pale nilipokuwa nimeshafika nikiwa na miaka tisa.

Siku hizi kundi letu linabishana juu ya The Odyssey ya Christopher Nolan, ya ule utenzi wa kale wa Kigiriki wa safari ya baharini, iliyopangiwa kutoka Julai 2026. Tiketi za baadhi ya maonyesho yake ya IMAX, yale ya skrini kubwa mno, ya mkanda wa milimita 70 zilianza kuuzwa Julai 2025, mwaka mzima kabla, na watu wakazinunua. Rafiki yangu mmoja ana hakika mavazi yamekosewa. Mwingine ana hakika itakuwa filamu ya karne. Mimi kwenye ukurasa wa kushoto nimeandika tarehe na swali moja: bahari itasikikaje?

Mwaka 2025 tulitoka kutazama Sinners ya Ryan Coogler. Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili, na nilikuwa nimeandika mistari yangu yote mitatu juu ya tukio moja, lile la ukumbi wa muziki, ambapo gitaa la kijana mmoja linawaita wapigaji wa zamani na wa zama zisizokuja bado, wote wakacheza chini ya paa moja. Niliyasoma kwa sauti, nikiwa na uhakika kwamba kila mtu ana hayo hayo. Rafiki yangu, yule yule aliyeniunga mkono siku ya viti, akatikisa kichwa. Alisema kwake filamu ilikufa mara baada ya hapo, wanyonya damu walipogonga mlango. Alitaka abaki ndani na muziki. Nikamwambia kugonga mlango ndiyo maana yenyewe, muziki mzuri namna ile lazima kuna mtu nje atautaka. Akasema hilo analielewa, lakini hakwenda ukumbini kuelewa. Kisha akauliza kama nilimtazama usoni yule mzee mpiga piano wakati kijana anapoanza kuimba. Sikumtazama. Nilikuwa namtazama kijana.

Tumekwenda tena kuitazama, mimi na yeye, Jumanne iliyofuata, nikakaa nikimsubiri yule mzee. Kwenye ukurasa huo kuna mistari mitatu yangu, na chini yake minne, ambayo nimeiandika kwa maneno ya rafiki yangu.